Dishi la Futi Sita la Kamanthe

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa 2002, Kamanthe alikuwa ameketi uani kwake huko Kalama akipepeta mbaazi kwa uteo mdogo, pale Kisilu, fundi wa madishi, alipofika na pikipiki kutoka Machakos mjini. Alikuwa amefunga dishi dogo mgongoni kama kobe. Aliyemtuma ni Kasiva, binti wa Kamanthe, anayefanya kazi kiwandani Athi River.

"Mwaitu, mama yangu, hili ni la sentimita sitini, litakutosha," Kisilu alisema. "Kila mtu hapa ako nalo. Hata mzee Maundu."

Maundu ni ndugu ya marehemu Musyoka, mumewe Kamanthe. Mashamba yao yamepakana. Dishi lake lilionekana kutoka pale uani, juu ya bati, likimetameta.

"Na mvua ikinyesha?"

"Picha inakatika kidogo. Unangoja."

"Kungoja nimengoja vya kutosha, mwanangu."

Kamanthe akaingia ndani, akatoka na uteo mwingine, ule mkubwa wa wakati wa mavuno. Akauweka kando ya ule mdogo. Akamwambia kwamba kitu kinachokuja kwa nguvu hata kifuniko cha sufuria kitakishika, lakini yeye anataka na kile kinachokuja kinyonge, kimechoka njiani. Kisilu akajikuna kichwa. Akakubali kwamba hata kwa madishi mambo ni hayo hayo: mawimbi yakiwa dhaifu, dishi lazima liwe pana.

"Basi ni futi sita. Lakini watu watasema umeweka tangi la maji."

"Waseme."

Alhamisi akarudi na pikapu, dishi likiwa vipande vinne. Akasimamisha nguzo, akaitia simiti, akaunganisha televisheni na betri ya gari, kisha akaligeuza dishi polepole. Ikaja habari. Ikaja mpira. Akaja mhubiri mmoja anayetoka jasho. Kisilu akasukuma kidogo zaidi kuelekea mashariki, ikaja chaneli nyingine.

Lilikuwa shamba, asubuhi. Kijana mwenye kaptula ya kaki alikuwa anang'oa makonge ya mpakani. Kijana huyo alikuwa Maundu, mwaka wa sabini na moja, siku ile watu wa kupima ardhi walipokuja Kalama.

Kamanthe akajifunga leso vizuri. Siku hiyo yeye alikuwa hospitalini anamzaa Kasiva, na Musyoka alikuwa Mombasa kwa kazi ya reli. Aliporudi na mtoto mgongoni, kile kipande cha mtoni chenye udongo mweusi kilikuwa kimeingia kwa Maundu. Miaka thelathini na mmoja amesema makonge yalihamishwa. Miaka thelathini na mmoja wazee wamemuuliza, wewe uliona? Hakuona.

"Hii haina jina," Kisilu alisema akitazama dekoda. "Lakini sauti ni safi."

Kipindi kilianza kila siku saa kumi jioni, kikaisha wapimaji wakikunja mnyororo wao. Majirani walikuja na viti vyao. Kaluki, jirani wa ng'ambo ya mto, alisema mahindi ya mwaka huo yalikuwa mazuri kuliko ya siku hizi. Siku ya sita alikuja Maundu mwenyewe, akapewa kiti cha mbele kwa sababu ya umri. Akajitazama aking'oa makonge kumi na moja, akiyabeba hatua arobaini kuelekea nyumba ya Musyoka, akiyapanda tena na kuyamwagilia maji ili yasinyauke mbele ya wageni.

"Nilikuwa na mgongo wa nguvu wakati huo," alisema.

"Na kaptula hiyo nilikufulia mimi, shemeji," Kamanthe alisema.

Naibu wa chifu, Bwana Muindi, alikuja na wazee watatu. Walitazama mara mbili, siku mbili. Wakaomba sauti iongezwe. Halafu Muindi akasimama, akavaa kofia.

"Tumeona, Mama Kasiva. Hakuna aliyekataa kwamba tumeona. Lakini hati ilishaandikwa, na televisheni haina muhuri."

Kesho yake Maundu akaja amebeba dishi jipya la sentimita sitini.

"Shemeji, hilo kubwa litaangushwa na upepo. Chukua hili, ni zawadi."

"Lako hukatika mvua ikija?"

"Kidogo tu."

"Basi kaa nalo."

Akamwita Kisilu, akamwambia ang'oe nguzo. Kisha akaruka mpaka, akahesabu hatua arobaini ndani ya shamba la Maundu, akasimama.

"Chimba hapa."

Kwenye kina cha goti jembe likatoa mzizi wa konge, mweupe, bado na maji. Kisilu akauweka kando akaendelea. Waya ukapitishwa juu ya vijiti hadi nyumbani, na picha ikawa safi kuliko awali.

Maundu alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. "Hapo ni kwangu."

"Hati inasema hivyo. Ng'oa basi, si unajua kung'oa? Saa kumi tutakutazama."

Hakung'oa.

Mwisho wa mwezi wa kumi mvua ikafika. Madishi madogo yakakatika moja baada ya jingine, kutoka juu ya kilima hadi mtoni. Watu wakaja kwa Kamanthe wamejifunika magunia. Maundu pia alikuja, kwa sababu lake lilikatika la kwanza. Udongo mweusi ulibaki wake. Alilima na ng'ombe wake akiizunguka ile nguzo, akapanda, akapalilia, na msimu ulipoisha akabeba mahindi kwake.

Na kila siku saa kumi Kamanthe hupangusa kioo kwa leso, akaongeza sauti.

"Shemeji, sogea. Umeziba watu."

Maundu huinuka, hubeba kiti chake, husogea.