Nyumba Namba Kumi na Tisa

Bibi Ndelilio alipanda ngazi za ofisi yetu ya mtaa wa Majengo Jumanne asubuhi, ameshika jani la mgomba lililokauka. Akaliweka juu ya kompyuta yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Praygod uliyemnyima mwanangu maji?"

Programu yetu hupanga zamu za maji ya mfereji mmoja kule Marangu na kumtumia kila mwenye nyumba ujumbe wa simu. Aliyeiandika mwanzo ni Ronald, ambaye sasa yuko Dodoma. Niliporithi kazi yake nilikuta nyumba namba kumi na tisa haina mtu, lakini kila Alhamisi inapewa saa mbili za maji, na ujumbe wake unakwenda kwenye simu ya nyumba jirani. Pembeni Ronald aliandika: "Usiiguse hii."

Kazi hii sikufundishwa darasani. Nilijifundisha mwenyewe, na sikuzoea kuambiwa nisiguse. Nikaona kuna mtu anajipatia maji mara mbili. Badiliko la kwanza liliifuta nyumba. La pili liligawa saa zake kwa wengine. La tatu lilipanga upya zamu zote. Nikajisifu mbele ya Priska, mwenzangu wa meza ya pili, kwamba nimesafisha.

"Mwanangu Elisifa alikuwa mpagazi wa mlimani," bibi alisema. "Amezikwa kwenye kihamba chake, shamba alilopewa na ukoo, katikati ya migomba. Ninayekimwagilia ni mimi, jirani yake, na ujumbe wa maji yake huja kwenye simu yangu. Jumamosi ukoo unakuja kukiangalia. Wakikuta kimekufa watakipa mtu mwingine, na binti yake, Loveness, akimaliza shule hana pa kurudi. Wiki saba namlilia mwenyekiti wa mfereji. Ananijibu kompyuta imesema."

Priska aliacha kuchapa.

Programu tunaitunza kwenye Git, ambayo hukumbuka kila badiliko: nani kaliweka, lini, kwa nini. Wazo langu lilikuwa kuirudisha yote hadi siku ya Ronald kwa hatua moja na kufuta kila kilichofuata, jina langu likiwemo.

"Na tahadhari za mafuriko nilizoongeza mwezi jana?" Priska aliuliza. "Unazifuta ili wewe ubaki msafi?"

"Nitazirudisha baadaye."

"Acha ujanja, bwana msafishaji. Tengua moja moja, na kila moja useme kwa nini."

Uso ulinichoma. Kwa hasira nilianza na badiliko la kwanza. Likakataa, kwa sababu mengine mawili yalikuwa yamelikalia. Ikabidi nianze na la mwisho. Zamu zikarudi. Kisha saa. Kisha nyumba. Kazi ya Priska haikuguswa. Penye nafasi ya sababu niliandika maneno ya kitaalamu, nikayafuta, nikaandika mengine, nikayafuta. Mwishowe nikaandika: "Nilikosea. Nyumba hii ina mwenyewe."

Bibi alikuwa ameketi muda wote huo. "Jina lako limo humo?"

"Limo, bibi. Mara sita. Tatu za kuharibu, tatu za kutengua."

"Haya. Alhamisi uje na jembe."

Alhamisi ujumbe ulimfikia bibi saa kumi na mbili asubuhi, nami nilikuwa kihambani tayari. Nikazibua tope mdomoni mwa mfereji. Maji yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakapita kwenye masale, mimea ya heshima iliyozunguka kaburi la Elisifa, yakaingia mashinani.

Jumamosi wazee wanne wa ukoo walikanyaga udongo wenye unyevu. Walihesabu migomba kumi na minane hai na tisa iliyokufa. Walinong'onezana Kichagga muda mrefu. Bibi alisimama kando ya kaburi, mikono ndani ya khanga. Kisha mkubwa wao akasema kihamba kibaki hadi Loveness amalize shule.

Walipoondoka nilichukua panga niiondoe ile tisa iliyokufa.

"Iache," bibi alisema. "Loveness akija likizo ataiona. Na wewe utakuwepo, umweleze ilikufaje."

Nikaweka panga chini.