Mdomo wa Fredrick

Atuganile alikuwa barazani kwake Tabata anachambua mchele, ungo magotini, pale shemeji yake Revelian alipoingia getini akiwa amembeba mgongoni marehemu Fredrick. Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Atuganile aliweka ungo pembeni, akavuta kiti cha plastiki. Fredrick akakalishwa hapo na kuegemezwa ukutani, maana hakuwa na miguu. Aliishia kiunoni, mkato umenyooka vizuri, hata tone la damu hamna.

Atuganile alimpa mumewe pole ya safari. Fredrick akacheka, meno yote nje.

Kazi ile aliitambua palepale. Kasimiri huyo, wa studio ya picha. Nani Tabata asiyeujua mkono wa Kasimiri? Wenye studio wengine wanabandika watu kama stempu, mmoja ana jua la asubuhi, mwenzake ana taa za ukumbini. Kasimiri akimwingiza mtu kwenye picha ambayo hakuwamo, analinganisha rangi ya ngozi, anakilaza kivuli upande vilikolalia vya wenzake, analainisha ukingo wa nywele mpaka hujui kisu kilipita wapi. Na kivuli kikikaa sawa, marehemu anakuja. Ndiyo kawaida. Bibi harusi aliyefiwa na mama anamkuta mama yake meza kuu, hali, hanywi, lakini yupo, na watu wanasogeza viti. Kivuli kikikosewa, marehemu anabaki kwenye karatasi, na ndugu wanakwenda studio kugombana.

Ila miguu jamani! Kwenye miguu Kasimiri ni mvivu. Akipata meza ya kuifichia, anaificha, basi.

Revelian alikunywa maji, akajifuta jasho, ndipo akatoa picha. Ndani yake yeye na mdogo wake wameketi mezani bega kwa bega, Fredrick ana kalamu mkononi. Siku hiyo, alisema, ndiyo Fredrick aliyokubali nyumba hii irudi kwenye ukoo. Picha hiyo wataipeleka kwa wazee wa baraza la kata. Na kama shemeji ana wasiwasi na picha, mwenyewe si huyo hapo? Aulizwe.

Msiba hauui mtu mmoja, wanasema, na waliosema walikuwa na mashemeji. Tofali za nyumba ile Atuganile na mumewe walizifyatua wenyewe, palepale uani. Siku ya zege alichota maji akiwa na mimba ya Clara, tumbo limeshafika puani. Wazazi wake Tukuyu walishakufa, na shamba lao lina wenyewe. Nyumba ikienda, anabaki na nguo zake na mtoto aliyeko bweni. Na lile shati alilovaa Fredrick alilijua. Alilivaa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake Atuganile akienda kuolewa. Siku ile mkono ule wenye kalamu ulikuwa umeshika soda, na kicheko kile kilikuwa cha utani wa mshereheshaji.

Kwenye baraza la kata wajumbe walimsalimia marehemu kwa heshima. Mwenyekiti akamuuliza kama kweli alimwachia kaka yake nyumba. Fredrick akacheka. Akamuuliza kama alilazimishwa. Fredrick akacheka vilevile, mpaka mjumbe mmoja akaambukizwa, akaficha uso kwenye kofia yake. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona mtu akiridhia kwa moyo mkunjufu namna ile. Atuganile alisimama akaomba waahirishe, mume wake hayuko sawa. Wakamkubalia, si watu wabaya.

Akaenda moja kwa moja studio. Kasimiri alikuwa anamtoa bibi mmoja kwenye picha ya kitambulisho ili ampeleke kwenye kipaimara cha mjukuu. Akaacha, akasimama.

"Shikamoo, Mama Clara."

"Marahaba. Kasimiri, umeniletea mume wangu anacheka."

Kasimiri akainamisha kichwa. Alisema picha aliletewa na Revelian, akaambiwa ni ya ukumbusho, na yeye siku zote huwa haulizi picha ni ya nini. Kila anayeingia pale ana marehemu wake. Atuganile hakutaka ugomvi. Alitaka Fredrick awekewe mdomo mwingine, mdomo unaosema hapana.

Wakafungua picha alizokuja nazo kwenye simu, kisha zile za zamani kwenye bahasha. Pasaka, Fredrick anacheka. Ubatizo wa Clara, anacheka. Ufukweni Mbezi Beach, amelowa suruali, anacheka. Hospitali, amekonda hana pa kukonda tena, mtu kamwambia tazama huku, naye akacheka. Atuganile aliitazama hiyo ya hospitali muda mrefu. Alimpenda sana yule mwanaume, na siku hiyo alitamani angekuwa mtu wa kununa. Mdomo usiocheka ulikuwa mmoja tu, wa kitambulisho, na huo ulikuwa umefungwa.

"Mie natumia kilichopo, mama," Kasimiri alisema. "Hakuna mtu anayepigwa picha akikataa."

Basi akachukua huo wa kitambulisho. Akaukata, akauvuta mpaka ukaenea kwenye taya, akaupaka rangi ya ngozi ya jua, akaupa kivuli chini ya mdomo wa chini. Alifanya kazi nzuri, Atuganile mwenyewe hakuona kasoro. Alipofika nyumbani alimkuta Fredrick kitini amenyamaza, midomo imebanwa. Macho tu ndiyo yalibaki ya sendofu.

Barazani yakaulizwa maswali yaleyale. Fredrick hakujibu. Mwenyekiti akamuuliza mara nyingine, kwa sauti ya juu kidogo, labda masikio yana shida. Atuganile akamshika bega mumewe, akamwambia sema, baba Clara, sema hata neno moja. Bega lilikuwa la moto, la jua la kwenye picha. Mwenyekiti alisubiri kiungwana, kisha akasema marehemu amepewa nafasi ya kupinga na hakupinga. Nyumba ikaenda kwa Revelian. Atuganile alilia palepale mbele za watu, na mjumbe mmoja akampa kitambaa.

Baada ya hapo Revelian hakuwa na kazi tena na mdogo wake. Alimwacha kitini, akasema shemeji anaweza kwenda naye. Siku ya kuhama Atuganile alimpakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, katikati ya godoro na masufuria, akamfunga kwa kamba ya kuanikia nguo asiangushwe kwenye matuta. Alikuwa amepata chumba Kigamboni.

Kabla gari halijaondoka, Revelian alimwita Kasimiri apige picha ya familia hapo getini, ili ndugu zake wa Bukoba waone kwamba watu wameachana kwa amani. Kasimiri alipanga watu, akarekebisha kola ya Revelian, akamwomba Mama Clara atabasamu kidogo. Atuganile alimtazama tu, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Kasimiri akapiga hivyohivyo. Akamwambia asijisumbue, aende salama, picha atakwenda kuirekebisha studio.

Jua lilikuwa linazama Atuganile alipokuwa akitandika godoro kwenye chumba kipya, Fredrick amemweka karibu na dirisha apate hewa. Ghafla mashavu ya Atuganile mwenyewe yalipanda. Meno yakatoka, yote, akasikia taya zimekaa mahali pake na hazirudi. Alijaribu kuufunga mdomo kwa mikono miwili, haukufunga. Akaachana nao, akamalizia kuchomekea shuka.

Mwenye nyumba, Margareta, alikuja mlangoni kumkaribisha. Alimtazama usoni akafurahi, akasema mpangaji aliyetoka alikuwa mtu wa kununa, heri safari hii wamepata mwenye furaha. Akauliza huko Tabata alihama kwa sababu gani.

Atuganile alitaka kumwambia kwamba ana nyumba yake, na kwamba amefukuzwa. Alicheka.