Mistari Waliyomficha Mwalimu

Mume wangu, Mwalimu Nallathamby, ana kichwa kigumu, na mwenye kazi ya kukivumilia ni mimi. Zamani alizunguka vijiji vya Jaffna kwa baiskeli akiandika nyimbo ambazo kina mama huwabembelezea watoto. Kitabu kilipotoka, kwa majivuno yake akazigawa nakala zote, nyingine akazipeleka maktaba. Nyumbani hakubakiza hata moja. Mimi mkewe nikaenda kukiazima maktaba kama mgeni!

Jumamosi ile ya mwisho wa Mei 1981 nilitaka kukirudisha. Mavyaa, mama yake Mwalimu, akanizuia langoni.

"We mwanamke! Saa ya Rahu hii, nuksi tupu, unakwenda wapi?"

Akaninyang'anya kitabu, akakiweka anakojua yeye. Kesho yake usiku maktaba ikachomwa. Vitabu karibu laki moja, na maandiko ya kale ya majani ya mvumo, yote majivu. Waliochoma walijua wanachoma nini, Mungu awaone. Mavyaa hakumaliza mwezi, akafariki bila kuniambia. Nakala nyingine zikaliwa na vita.

Miaka ishirini na mbili Mwalimu hakushika kalamu. Maktaba ilipojengwa upya wakamwomba kitabu chake, akaanza kukikumbuka wimbo kwa wimbo. Wa tisa ukamkwama, tena ndio aliokuwa akiimbiwa na mama yake mzazi. Nikimwambia, "Baba Yalini, nikusaidie," ananijibu, "Huu ni utafiti, mama." Haya, utafiti! Lakini usiku nilimsikia akilia, na roho iliniuma. Asubuhi moja akasema anaacha kabisa.

Siku hiyohiyo ikaja posa ya binti yetu Yalini. Wageni wakakaa barazani wakisubiri nyota yake, wailinganishe na ya kijana wao. Tukafungua sanduku la mavyaa la nyota za ukoo, zilizoandikwa kwenye majani ya mvumo, ambalo halifunguliwi pasipo harusi. Yalini akazamisha mkono chini ya yale majani.

"Mama, hiki nini?"

Nilipiga vigelegele hadi majirani wakadhani mahari imeshapita!

Mwalimu akakipokea kitabu chake kwa mikono miwili, akakibusu, akafungua wimbo wa tisa. Akakunja uso.

"Nani kachorachora kitabu cha maktaba?"

"Mimi," nikasema, aibu imenijaa. "Kwa penseli tu. Nilitaka kufuta kabla ya kukirudisha."

"Umeongeza mistari minne!"

"Sijaongeza. Hukupewa. Mwanamume umekaa na daftari lako, nani angekuimbia pale tunapowasema waume zetu?"

Akasoma tena. "Mama alimwita baba mvivu wa kuchota maji?"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, tena baba kalala chumba cha pili!"

Mwalimu akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye.

"Na nyimbo nyingine?"

"Karibu zote zina mistari yao ya siri."

Barazani wageni walishaanza kukohoa. Hakuwasikia. Alichukua kalamu na daftari jipya, akaketi sakafuni mbele yangu, yeye Mwalimu mzima, akasema kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwake:

"Mama Yalini, naomba uniimbie. Taratibu, nisiruke kitu."