Vidole Vitatu kwenye Kofia ya Pascal

Nina kofia thelathini na moja, na sina nywele. Mke wangu Aurélie huwaeleza wageni hivyo kabla hata hawajakaa, halafu anawaonyesha kabati letu hapa Berea, mtaa wa Durban, ambalo juu yake makasha ya duara yamepangwa hadi darini. Namwacha acheke. Ametoka Bujumbura kama mimi, anajua kwamba mtu aliyekimbia kwao na mfuko mmoja, siku akipata pa kuweka vitu, lazima atakusanya kitu. Wengine hukusanya sufuria. Mimi nakusanya kofia kuukuu za Kitaliano.

Hata riziki yangu ni kofia. Chumba changu cha kazi kiko juu ya duka la vitambaa, karibu na soko la Warwick Junction, na ngazi zake zinawatoa jasho mashemasi wanaoniletea kofia zao kila Pasaka ikikaribia. Ufundi nilijifunza kwa mzee Attilio, Mtaliano aliyekuwa na duka la kofia mjini hapa. Nilipofika Durban nilikuwa mlinzi wa mlango wake. Siku moja ya mvua aliniita ndani nimshikie birika, nikalishika miaka tisa. Alipokufa aliniachia kalibu zake, vile vichwa vya mbao vya kuipa kofia umbo, brashi mbili na kofia sita, na hizo sita ndizo zilizozaa hizi nyingine.

Attilio alizaliwa Monza, mji ambao zamani, kwa maneno yake, ulikula na kuvaa kwa kuuza kofia. Alinifundisha kwamba kofia nzuri ya kwao haifumwi. Ni manyoya ya sungura, mepesi kama vumbi, yanachemshwa, yanakandwa na kushindiliwa mpaka yanashikana yenyewe kwa yenyewe, kisha yanavutwa juu ya kalibu. Mvuke ukiyapata yanalegea. Yakipoa, yanashika umbo uliloyapa. Kwa hiyo, mzee alisema, kabla hujawasha birika muulize mwenye kofia: nani aliivaa, na aliivaaje? Nimeuliza swali hilo kwa mamia ya watu. Mireille sikumuuliza.

Alikuja Jumatatu asubuhi, kofia ikiwa ndani ya foronya safi. Mireille ni Mkongomani wa Uvira, msusi wa nywele, mjane wa Pascal aliyekuwa akiuza chaja na vifuniko vya simu pale Warwick. Pascal nilimjua kwa sura tu, mtu mrefu, mpole, kofia kichwani jua au mvua. Alikuwa amekufa mwaka uliopita. Jumapili ile ingekuwa misa ya mwaka na kumaliza matanga, na Mireille alitaka kofia ya mumewe ikae juu ya kiti chake mbele ya watu wote. Aliniomba niitoe vumbi. Nadhani alikuwa na maneno mengine ya kusema, ila mimi nilishampa mgongo. Nilikuwa nimeipeleka dirishani.

Lazima niseme ukweli: niliitamani. Rangi ya kahawa iliyokolea, bitana ya hariri, herufi za dhahabu kwenye mshipi wa ngozi wa ndani, kazi ya miaka ya hamsini. Baba yake Pascal alipewa na padri wa Kitaliano huko Uvira, naye akamwachia mwanawe. Nilikuwa nimeitafuta kofia ya namna ile kwa miaka kumi, kwenye marundo ya mitumba na kwenye nyumba za marehemu wa Berea vitu vyao vinapouzwa getini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Niliitazama kama yangu, na nikaanza kuona kasoro zake kama ambavyo ningeziona kwenye yangu.

Kasoro ilikuwa moja. Mbele, pale kofia inapobanwa, kulikuwa na vishimo vitatu: kimoja kipana upande wa kulia wa mvaaji, viwili vyembamba upande wa kushoto. Manyoya pale yalikuwa yamelala na kung'aa kwa mafuta ya ngozi ya mtu. Kwa mkusanyaji, huo ni ugonjwa. Nikaipiga picha kwa mbele, maana tuna kundi letu la wakusanyaji kwenye simu, na hakuna kinacholeta sifa kama picha mbili, ya kabla na ya baada.

Jumatano nikawasha birika. Nikaipa mvuke, nikaivika kalibu ya Attilio, nikaisugua kwa mkono, nikaipiga brashi kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, nikairudishia mkunjo wake wa kiwandani. Kwa saa tatu nzima sikunywa hata maji. Ilipopoa ilikuwa kama imeshuka melini jana. Nikatuma picha mbili, na sifa zikamiminika mpaka usiku. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Ijumaa Mireille alikuja, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikasubiri furaha yake. Aliigeuza mara moja. Akapeleka vidole mbele ya kofia, akapapasa, akapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba anachokijua.

“Papa Onesphore,” akasema, “vidole ya bwana yangu iko wapi?”

Mimi nina hasira za karibu. Nilimjibu kwamba ile ilikuwa kasoro, kwamba kazi niliyoifanya hakuna wa kuifanya Durban nzima, kwamba watu wenye kujua kofia wameisifu. Nikaendelea hivyo kwa muda. Aliketi juu ya sanduku la brashi, kofia mapajani. Nilipoishiwa maneno akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya kwenda saluni, alikuwa akiingiza vidole vyake mle ndani ya vishimo. Picha zilimwonyesha sura ya Pascal, lakini mkono wake ulikuwa umebaki pale tu.

“Mimi sikukuomba chapeau mpya,” akasema. “Nilikuomba utoe vumbi.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na bado, mjinga mimi, nikafikiri kofia hulipwa kwa kofia: nikamwambia aje nyumbani achague yoyote kati ya zangu, hata ile ya Attilio mwenyewe. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko matusi. Nikamwomba aniachie kofia mpaka Jumapili. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini aliiacha.

Jioni ile nilizishusha kofia zangu zote thelathini na moja, nikazipanga kitandani, sebuleni, juu ya friji. Nilizigeuza moja moja. Zote zilikuwa safi, zimenyooka, mikunjo ya kiwandani, na zote nilikuwa nimezinyoosha mimi. Aurélie alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakucheka.

“Hazina watu,” akasema.

Nilikuwa na wazo moja tu. Mireille na Pascal walikuwa na mtoto mmoja, Gaël, wa miaka ishirini na sita, anayetengeneza simu kwenye duka moja mjini, na kila mtu husema amechukua mikono ya baba yake. Nikampigia. Jumamosi saa tatu asubuhi alipanda ngazi zangu akiwa amenuna. Alikuwa na haki ya kununa. Nikamweleza mpango: kofia ipate mvuke mbele tu, aivae, aivue kama baba yake, na aushikilie mkono pale pale mpaka manyoya yapoe. Kofia hiyo hajawahi kuivaa, akaniambia. Baba yake alipokufa, mama alimpa, akashindwa hata kuigusa.

Aliivaa. Akainua mkono wa kuume, akabana mbele, akashikilia. Ilipopoa tukaiweka kando ya picha yangu ya simu, ile ya kabla, niliyoipiga kwa ajili ya majigambo. Vishimo vilikuwa vitatu, vizuri kabisa, na vyote vilikuwa kinyume. Dole gumba la Gaël lilikuwa limekaa kushoto kwa mvaaji. Kwenye picha lilikuwa kulia.

“Baba yako alitumia mkono wa kushoto?”

“Hapana, Papa. Kuume tu. Hata mpira, kuume tu.”

Nikaifuta kazi ile kwa mvuke. Tukajaribu kwa kushoto hata hivyo. Dole gumba lilikwenda upande wake, ila mkono mzima ulikaa ovyo, na vishimo vilikuwa vikubwa mno kuliko vya kwenye picha. Gaël akasema tumdanganye mama, hatagundua. Nikamwambia mwanamke aliyepapasa pale siku mia tatu na zaidi, atagundua. Nikaifuta tena, nikaivika kalibu, nikaketi mbele yake nikiwa nimeishiwa. Kalibu ilikuwa inanitazama kama mtu. Bila kufikiri nikanyoosha mkono wangu wa kuume niivue.

Dole gumba langu likatua kulia kwa mvaaji. Vidole viwili vikatua kushoto. Nikatazama picha, nikatazama mkono. Mkono uliobonyeza vile vishimo haukuwa wa aliyevaa kofia. Ulikuwa wa mtu aliyesimama mbele yake.

“Gaël,” nikasema, “nani alikuwa anamvua baba yako kofia?”

Alianza kucheka, kisha akaacha. Akaniambia kwamba baba yake hakuwahi kuacha mali yake sokoni. Kila siku alirudi na maboksi mawili ya chaja, moja kila mkono, na alibisha mlango kwa kiatu. Akatazama mikono yangu, halafu yake.

“Mama ndiye alikuwa anafungua,” akasema.

Tulikwenda kwao na birika langu la kazi, maana mabirika ya nyumbani siyaamini. Wanakaa fleti ya ghorofa ya pili, si mbali na kwangu. Mireille alikuwa jikoni anachambua sombe, kisamvu cha kwao, kwa ajili ya kesho yake. Nilimweleza kwa heshima, nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwonyesha dole gumba liko wapi. Alitikisa kichwa. Alisema mkono wa mumewe anaujua, na nisije nyumbani kwake kumnyang'anya hata hicho nilichokuwa nimekwisha kumnyang'anya. Sikubishana. Safari hii niliuliza swali la Attilio, nikiwa nimechelewa kwa siku tano: Pascal aliivaaje kofia hii, na ilikuwaje akifika nyumbani?

Alinijibu kwamba alifika tu, kama watu wote. Anafika, anaingia, anakula. Hakukumbuka jambo lolote.

Nikaipa kofia mvuke hapo hapo jikoni, mbele tu, mpaka manyoya yakalegea. Gaël akaivaa ikiwa moto. Mwaka mzima hakuweza kuigusa, na sasa aliivaa mbele ya mama yake. Akachukua maboksi mawili ya zamani ya baba yake, ambayo mama alikuwa akiwekea viatu, akatoka nje, akavuta mlango kwa mguu. Tukasikia kiatu kikibisha mara mbili, chini kabisa ya mlango.

Mireille alifuta mikono kwenye kitenge, akaenda kufungua. Mwanawe alikuwa amesimama pale, mrefu kama baba yake, mikono imejaa.

“Pole na kazi,” akasema Mireille, na mkono wake wa kuume ulikuwa umekwisha kupanda, umebana mbele ya kofia, dole gumba huku, vidole viwili kule. Manyoya yakazama.

Hakuivua. Alibaki hivyo, mkono juu, mdomo wazi kidogo. Nilimwona akielewa. Ilimjia polepole kutoka mkononi.

“Kumbe ni yangu,” akasema. “Mwaka muzima nililia mkono yangu mwenyewe.”

Nilifikiri nimemwibia mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mvuke wa kurudisha. Gaël ndiye aliyejibu, bila kuinua uso, maboksi bado mikononi.

“Hapana, Mama. Angalia. Usingefika.”

Mireille akatazama. Ni mwanamke mfupi, kichwa chake kinaishia kwenye kifua cha mwanawe. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kofia, kiwiko kimekunjwa, bila kujinyoosha hata kidogo, kwa sababu Gaël alikuwa ameinama. Hakuna aliyemwambia ainame. Alikuwa ameona baba yake akifanya hivyo kila jioni, mlangoni pale pale, tangu utoto wake.

Machozi yakamshuka Mireille, na mimi pia, nikiwa nimeshika birika kama siku ile ya mvua. Kofia ilikuwa bado na joto. Nikamwambia asiachie mpaka ipoe, na yeye hakuachia, na Gaël hakujiinua.