Mapembe Hayapandi Gari Lililopakwa Mafuta

Jumamosi moja ya Juni, asubuhi ya baridi kali, Chibalonza alikuwa jikoni kwao Quakers Hill, kitongoji cha ughaibuni, akibandika pembe la kushoto kwa gundi ya moto. Vazi zima alilitengeneza mwenyewe kwa mikeka ya mpira ya mazoezi: ngao ya kifua, mabega, kofia ya vita yenye mapembe mawili, vyote kavipaka rangi ya fedha. Alikuwa akijinyima usingizi kila alipotoka zamu ya kuwahudumia wazee kule Seven Hills, ili siku hiyo asimame Olympic Park, kwenye mkutano wa mashabiki wa michezo ya kompyuta, aitwe malkia wa vita na watu wasiomjua. Vazi halikukunjika wala kuingia mfukoni. Ilibidi alivae tangu nyumbani, na shida yake ilikuwa moja tu, kufika mzima.

Nje, mjomba wake Symphorien alikuwa akipasha moto gari la viti saba. Pasta alilipaka gari hilo mafuta siku liliponunuliwa, usukani na magurudumu yote, na tangu hapo lilibeba kwaya na sufuria za harusi tu.

"Tonton, unipeleke basi. Ni njia yako," Chibalonza alisema dirishani.

"Weye mutoto, hii gari ilipakwaka mafuta. Mapembe haiwezi kuingia humu. Unataka shetani aniangushe pale kwa barabara kubwa ya M4?"

"Ni mousse, Tonton. Ni foam, mpira tu."

"Panda train. Train haikuombewaka."

Léonie, mke wa mjomba, ambaye hakuwa na leseni, alimfunika mabega kwa koti lake la kanisani. Chibalonza akaondoka shingo upande.

Vijana watatu waliingia kwenye treni yake kituo cha Blacktown, macho mekundu, hawajalala tangu Ijumaa. Mmoja alilishika pembe la kushoto, akalivunja.

"Oi, what's this meant to be? A goat?"

"It's a costume, mate. Leave it."

Ngumi ya kwanza ilimpata Chibalonza mdomoni. Ilimtupa hadi dirishani, lakini mdomo uliopasuka haukuwa wake. Ulikuwa wa bwana mmoja mwenye tai, aliyekaa mbele kidogo, ambaye aliona kila kitu kisha akageuka kutazama maghala ya Seven Hills. Jino lilimdondokea mapajani. Akalitia mfukoni, akaendelea kutazama maghala.

Teke lililofuata lilitua kifuani pa Chibalonza na kuvunja ubavu wa mwanamke aliyekuwa ameongeza sauti ya muziki masikioni. Chibalonza alipogongeshwa kichwa kwenye nguzo ya chuma, paji lililochanika lilikuwa la mwanafunzi aliyejifanya hamnazo kwenye simu. Damu ilifunika kioo. Akakifuta kwa mkono wa sweta, akaendelea kusoma. Behewa lote lilinuka damu na hakuna aliyepiga kelele, maana aliyepiga kelele angelazimika kusema anapigiwa nini. Asiyeguswa alikuwa bibi mmoja mwenye sari na kikapu cha mboga, aliyewakodolea macho wale vijana akirudia, "I am looking at you. I am looking at you." Walipofika Parramatta wakawa wamechoka. Mmoja alilalamika vidole vinamuuma, wakashuka.

Mutanu, rafiki yake wa kazini, alikuwa akimsubiri kwenye lango la mkutano.

"Wacha! Hiyo damu umeitoa wapi?"

"Ya watu wa train."

"Imetokea poa sana."

Waamuzi wa mashindano ya mavazi nao waliona hivyo. Walimpa zawadi ya tatu kwa damu iliyofanana na ya kweli.

Jioni Symphorien alikuwa sebuleni. Aliliona pembe lililovunjika na alama ya kiatu katikati ya kifua.

"Walinipiga, Tonton."

Aliiona alama vizuri kabisa. Kisha akachukua rimoti, akaanza kutafuta mpira. Nyusi yake ya kulia ikapasuka kwa kishindo, damu ikamwagika kwenye shati jeupe. Léonie alimletea mfuko wa njegere zilizoganda akamkandamiza. Kanisani Jumapili alisema amegongwa na mlango wa gari, gari lile lile lililopakwa mafuta, na ndugu wakamwombea.

Abiria wa reli ile hawakuwa wajinga. Walielewa, na wangeweza kujifunza kutazama. Kutazama ni bure. Hawakujifunza. Wengine waliapa kuhama behewa wakiyaona mapembe tena, wengine walinunua magari, foleni ya M4 ikarefuka na redio ikalaumu mvua. Inatia hasira hata kuisimulia.

Mwaka uliofuata, siku ya mkutano, Symphorien aliondoka kabla Chibalonza hajaanza kuvaa. Alisema ana mazoezi ya kwaya, na kwaya haikuwa na mazoezi. Alipiga hesabu kwamba asipomwona hatakuwa na cha kufumbia macho, na kweli, siku hiyo uso wake ulibaki salama.

Behewa lilikuwa limejaa Chibalonza alipoingia. Treni ilipofika kituo cha pili lilikuwa tupu. Hata bibi mwenye sari hakuwemo. Mwanawe sasa alimpeleka sokoni kwa gari. Blacktown wakaingia wale watatu.

Ngumi ya kwanza ilimpata Chibalonza mdomoni, na mdomo ulikuwa wake. Meno yalikuwa yake. Teke lilipita kwenye mpira likapata ubavu, ubavu wake, na aliusikia ukivunjika. Alilia kwa sauti kuanzia Seven Hills hadi Parramatta, viti vyote vikiwa wazi.

Alifika Olympic Park akitembea. Kwenye meza ya waamuzi kijana mmoja alimwinulia kidevu kwa kalamu.

"Blood's a bit fake this year, love. Last year's was better."

Mutanu alimkalisha kwenye ngazi, akamtazama usoni muda mrefu bila kugeuka. Kisha akamkandamiza mdomo kwa kitambaa.

"Na nani anakurudisha nyumbani?"

"Train," Chibalonza akasema.