Bonde Kwenye Spiriti ya Mjomba

Mkemia alimdharau shemeji yake tangu siku ile ndugu huyo wa mumewe alipoletwa kuwa mkuu wa maabara ya kiwanda cha manukato. Wafanyakazi walimwita Profesa, naye, debe tupu lile, alidhani anasifiwa.

Leo Profesa alitaka kuikataa alkoholi ya kuchanganyia manukato, spiriti ya Mjomba, mzee aliyemlea Mkemia tangu utotoni. Ikikataliwa, kiwanda hakitanunua kwake tena, na mzee hana mteja mwingine. Mwenyewe alikuwa ameitwa, ameketi kwenye stuli karibu na sinki, kofia mapajani.

"Tazama mwenyewe, shemeji," Profesa alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Bonde hili hapa. Kuna ketoni."

Mkemia alitazama. Mashine ya infraredi haina siri: kila kundi la atomi hutikisika kwa namna yake na kumeza miale yake, na pale miale ilipomezwa mstari wa grafu hushuka kama bonde. Kundi la alkoholi huchimba bonde pana upande wa kushoto. Oksijeni iliyoshikana na kaboni kwa mikono miwili, kama kwenye ketoni, huchimba bonde jembamba karibu na namba elfu moja na mia saba ya grafu, na hilo halitakiwi kabisa ndani ya spiriti safi. Profesa hakukosea kusoma. Hata kasuku hufundishika.

Ila Mkemia alikuwa amemwona anavyosafisha. Alilowesha pamba kwa asetoni, akafuta kijiwe cha mashine kinachodondoshewa kitu cha kupimwa, na papo hapo akakifunika, eti vumbi lisiingie. Asetoni, ambayo yenyewe ni ketoni na huyeyushia hata rangi, ikabaki chini ya kifuniko. Mtu mzima, na koti jeupe limepigwa pasi!

"Safisha unavyosafisha siku zote," alimwambia, "halafu pima bila kuweka kitu."

Profesa alipima. Bonde likatokea.

"Kumbe hata hewa ina ketoni, shemeji?" Mkemia aliuliza kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Alijaa raha, wala hakuona haya. "Kufuta tu hujui, utajua kupima? Weka kifuniko pembeni, kijiwe kikauke. Rudia mbele ya mzee wa watu."

"Si lazima arudie, mwanangu," Mjomba alisema. "Yamekwisha. Nyinyi ni ndugu."

"Atarudia!"

Profesa, uso umemsawijika, alifuta akangoja. Akapima kijiwe kitupu, mstari ukanyooka. Akadondosha spiriti. Bonde pana la alkoholi likajichora vizuri. Kisha, karibu na elfu moja na mia saba, mstari ukashuka tena. Haukushuka sana, lakini ulishuka.

Profesa alimsogezea tu shemeji yake kioo, na hilo lilimuuma Mkemia kuliko kicheko. Mkemia aligeuka.

"Mjomba?"

Mzee alikuwa akitazama sinki.

"Ni dawa ya kuyeyushia rangi, mwanangu," alisema. "Niliongeza kidogo tu, pipa lijae."