Dorine Amepewa Ushauri

Naibu mwalimu mkuu, Bwana Mbaluka, alisogeza kikombe chake cha chai, akaweka kipande cha bomba la plastiki mezani mbele ya Nicanor.

"Sisi sheria inatukataza kuchapa," alisema. "Wewe ni mzazi."

Nicanor alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kiwandani, Thika. Vumbi la unga lilikuwa bado shingoni mwake. Bintiye Dorine, wa kidato cha nne, alisimama ukutani akitazama sakafu. Kwa wiki tatu hakuwa amesema neno shuleni. Mbaluka aliuita ukimya huo kiburi, akamfukuza arudi nyumbani Mugutha. Mzazi asipomrekebisha hapa ofisini, hatasajiliwa kwa mtihani.

Nicanor alieleza kwamba muuguzi wa zahanati aliona msichana anaugua mawazo, anahitaji mshauri. Hospitali ikasema haina mshauri, waulize shuleni.

"Mshauri wa shule ni mimi," alisema Mbaluka. Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari walicheka.

Nicanor hakuwahi kumpiga Dorine. Yeye mwenyewe alilelewa na mjomba huko Siaya, akipigwa karibu kila jioni, na akilia anaongezewa. Aliapa mtoto wake hataonja fimbo, na hakuionja. Lakini kilio hakukiweza. Dorine akilia, hata alipokuwa na miaka miwili, baba alimfokea: nyamaza. Miaka yote hivyo. Selpha, mkewe, alimwambia siku moja kwamba nyumba yao ni kimya kama ina maiti ndani. Nicanor akamfokea naye.

"Hajakosa kitu, mwalimu."

"Basi nenda naye, mzee. Atafute kibarua, Ruiru hakukosi nguo za kufuliwa. Nina wazazi wengine hapo nje."

Nicanor alichukua bomba. Dorine hakungoja kuambiwa. Alienda kwenye kiti, akainama, akashika kingo zake.

Pigo la kwanza lilikuwa jepesi. Mbaluka alisema la namna hiyo halihesabiki. La pili lilitoa mlio, na msichana hakulia. Nicanor alipiga la tatu. Hakuna aliyemwambia apige la nne, wala la tano, wala yaliyofuata. Walimu waliacha kusahihisha. Mbaluka akalazimika kuinuka na kumshika mkono.

"Inatosha, mzee. Utatuletea kesi."

Dorine alisimama, akanyoosha sketi. Kanuni ya ofisi hiyo ilijulikana na kila mwanafunzi.

"Asante, mwalimu," alisema. Kisha akamgeukia Nicanor. "Asante, baba."

"Si mnaona anaongea?" Mbaluka aliwaambia wenzake. Alifungua faili, akaandika: *Mwanafunzi amepewa ushauri nasaha, mzazi akiwepo.* Akapiga muhuri, akamsukumia Nicanor atie sahihi.

Kalamu ilimponyoka mara mbili. Dorine ndiye aliyeiokota, akamfungia baba vidole juu yake, akamwelekeza mahali pa kutia sahihi.